Nimeambiwa leza itaniponya fizi bila kukwanguliwa. Nikubali?

Shikamoo Daktari,

Nimesoma safu yako kwa muda mrefu, wala sikudhani siku moja na mimi nitaandika. Nina miaka 44. Kwa zaidi ya miaka miwili sasa, kila nikipiga mswaki natema povu lenye damu. Mwanzoni ilikuwa asubuhi moja moja, nikasema labda mswaki ni mgumu, nikabadilisha nikatumia mlaini. Damu haikukoma. Inatoka zaidi kwenye meno ya mbele ya chini, kwa hiyo nikaona afadhali nisipaguse kabisa pale, fizi zipumzike zipone zenyewe. Hazikupona. Sasa zimevimba, zinang'aa, na jino moja la chini nikilisukuma kwa ulimi nalisikia linacheza. Nikiamka nina ladha kama ya chuma mdomoni. Siku hizi nikicheka naweka kiganja mbele ya mdomo, na nikiongea na mtu kwa karibu nageuza uso pembeni, maana naogopa harufu.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda kwa daktari wa meno. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama, akawa anakipenyeza taratibu kati ya ufizi na jino huku akimtajia msaidizi wake namba: tatu, tano, sita, tano. Nilikuwa nimelala pale nasikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Baada ya picha akaniambia nina ugonjwa wa fizi uliokwisha kufika kwenye mfupa, kwamba anahitaji kunikwangua ndani kabisa mpaka kwenye mizizi, kwa sindano ya ganzi, mara mbili, upande mmoja kila mara. Kisha nirudi baada ya miezi mitatu kupimwa tena.

Daktari, naogopa sana. Nilipokuwa na miaka tisa niling'olewa jino lililokuwa limetunga usaha, ganzi haikushika, na sijasahau mpaka leo. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna mahali pengine wanatibu fizi kwa leza, nilienda kuuliza. Hao hawakunipima chochote. Walisema leza inaua bakteria wote, haina maumivu, haina damu, kukwangua hakuna, na ufizi uliorudi nyuma utaota tena. Kikao kimoja tu. Gharama yake itamaliza akiba yangu yote niliyotenga kwa ajili ya meno.

Nilipomsimulia wifi yangu akaniambia nisithubutu, eti leza ni mionzi na italeta saratani ya mdomo. Sasa sijui nishike lipi. Mama yangu aliyapoteza meno yake mengi kabla hajafika miaka 60 na sitaki yanikute hayo. Pia nikuambie kwamba natumia amlodipini kwa ajili ya shinikizo la damu, na kipimo cha mwisho walisema sukari yangu imepanda kidogo. Fizi zangu kwa asili ni nyeusi, sijui kama hilo lina maana yoyote.

Nikubali leza? Na hili jino linalocheza, ndiyo limekwenda?

Ninayefunika Mdomo

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu, maana najua ndilo unalolingoja: usikubali leza ichukue nafasi ya kukwanguliwa. Kama ni leza inayoongezwa juu ya usafishaji uliokwisha kufanyika vizuri, hilo ni jambo jingine na linazungumzika. Na jino lako usiliage bado.

Nataka uelewe kwa nini, kwa sababu utakaporudi kwenye kile kiti ni wewe utakayeulizwa "tufanyeje?", na sitaki ujibu kwa hofu.

Meno yetu yote hujengewa kila siku utando laini wa bakteria, ule ukoga unaousikia kwa ulimi asubuhi. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake, kule Denmark, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo tunafundishiwa. Watu 12 waliokuwa na fizi zenye afya waliacha kusafisha meno kabisa. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha, fizi zikapona ndani ya kama wiki moja. Ninakusimulia hili kwa sababu linagusa kosa ulilolifanya kwa nia njema: kupaacha panapotoka damu. Damu ilikuwa inakuomba upasafishe, wewe ukapapumzisha, na ukoga ukapata nafasi ya kukaa. Usijilaumu. Miongoni mwa wagonjwa wangu wenye fizi zinazotoka damu, sikosi kumkuta aliyefanya vivyo hivyo.

Ukoga ukikaa, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga. Ule wa juu ya ufizi ni wa manjano na unauona kwenye kioo. Ule wa chini ya ufizi huuoni. Nikiutoa na kuuweka kwenye kitambaa cheupe, unaonekana kama punje ya changarawe, mweusi unaoelekea ukijani, na ukiubonyeza kwa kucha hausagiki. Umeng'ang'ania kwenye mzizi, na juu yake, kwa kuwa una vinyweleo na mikwaruzo, bakteria wapya hujishika kila siku mahali ambapo mswaki haufiki. Mwili unawapiga vita bakteria hao, na katika vita hiyo mwili wenyewe ndio unaoumeng'enya mfupa unaoshikilia jino. Ufizi unaachia, mfuko unachimbika. Zile namba ulizozisikia ni kina cha mfuko kwa milimita. Moja hadi tatu ni kawaida. Nne ni ya kuangaliwa, hasa kama panatoka damu. Tano na sita zinasema kuna kazi ya kufanya chini, na ndiyo maana daktari wako wa kwanza alisema alivyosema. Aliyekupima jino kwa jino, pande zote, akaita namba ziandikwe, huyo amekufanyia kazi ya haki.

Sasa leza. Kinachouzwa sana kwa ajili ya fizi ni leza za daiodi, zenye mawimbi ya kama nanomita 810 hadi 980, na ile ya Nd:YAG yenye nanomita 1064. Mwanga wa aina hizi hunywewa na vitu vyenye rangi: damu, na ile rangi nyeusi ya ngozi na fizi, melanini. Unapita kwenye ugaga bila kuuondoa. Kwa hiyo hata kama ungeua kila bakteria aliyemo mfukoni leo (na hauwaui wote), ile changarawe ingebaki palepale kwenye mzizi, na kabla mwezi haujaisha ingekuwa na wapangaji wapya. Hapo ndipo ahadi ya "kikao kimoja, hakuna kukwangua" inapovunjikia, na linaniumiza, kwa sababu mtu anatoka pale akidhani ametibiwa. Fizi zinaweza hata kutulia kwa wiki chache, damu ikapungua, naye akaacha kurudi, huku mfupa ukiendelea kuliwa chini kwa chini.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Ipo leza nyingine, Er:YAG, yenye wimbi la nanomita 2940, ambayo mwanga wake hunywewa na maji, na hiyo inaweza kweli kubandua ugaga kwenye mzizi. Lakini ilipolinganishwa na vifaa vya mkono na vile vya mtetemo tunavyotumia siku zote, matokeo yake yalikuwa karibu sawa. Ni njia nyingine ya kukwangua, basi. Kwa maelezo waliyokupa, sidhani kwamba hiyo ndiyo waliyokuwa wakikuuzia.

Leza kama nyongeza hutumika kwa namna tatu, na kila moja ina hesabu yake. Ya kwanza ni kuingiza unyuzi mwembamba wa kioo ndani ya mfuko baada ya kukwangua, ili joto la mwanga liue bakteria waliobaki na kuondoa ngozi ya ndani iliyooza. Ya pili ni kutia kwanza rangi mfukoni, mara nyingi ya bluu, inayojishika kwenye bakteria, kisha kumulika kwa mwanga hafifu. Rangi ile ikipata mwanga inazalisha oksijeni kali inayowachoma bakteria, joto halihusiki. Ya tatu ni mwanga hafifu peke yake, usiokata wala kuchoma, unaomulikwa kwenye ufizi ili kupunguza uvimbe na maumivu na kusaidia kidonda kupona. Njia hii ya tatu ina asili ya kupendeza: miaka ya 1960 daktari wa Hungaria, Endre Mester, alimulika panya walionyolewa akitafuta jambo jingine kabisa, akaona manyoya yanaota haraka zaidi pale palipomulikwa.

Je, zinasaidia? Zinasaidia kidogo, na hicho kidogo ndicho nataka ukielewe. Mwaka 2015 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo baada ya kuyajumlisha majaribio yaliyokuwapo. Kukwangua na kulainisha mizizi kulipendekezwa kuwa tiba ya kuanzia. Ile ya rangi na leza ya daiodi, ikiongezwa juu ya kukwangua, iliongeza kwa wastani kama nusu milimita ya ufizi kushika jino, nayo ikapendekezwa kwa uzito dhaifu. Leza ya daiodi bila rangi iliongeza kama milimita 0.2. Kwa leza hizo zisizotumia rangi, jopo lilishauri zisitumike kama nyongeza ya kawaida. Miaka mitano baadaye, 2020, Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi likatoa mwongozo wake, nalo likashauri leza zisiongezwe kwenye usafishaji wa chini ya ufizi, hata ile ya rangi. Kwa hiyo hata wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu ya ile nusu milimita. Sababu moja ni kwamba kila jaribio lilitumia mwanga wake, nguvu yake na muda wake, na mengi yaliwafuatilia wagonjwa kwa miezi michache tu.

Hebu uiweke nusu milimita hiyo kando ya kazi yenyewe. Mifuko ya milimita 4 hadi 6 ikikwanguliwa vizuri, na mwenye mdomo akasafisha kila siku, hupungua kwa wastani wa milimita moja na ushei. Yenye kina zaidi ya hapo huweza kupungua mbili au zaidi. Sita yako inaweza kuwa nne. Hapo ndipo ilipo nguvu ya tiba. Nyongeza ni nyongeza. Ukiitoa akiba yako yote kwa ajili ya ile nusu, ukakosa ya kulipia kazi kubwa na ya kurudi kuangaliwa, utakuwa umenunua mfuniko bila chungu.

Ulipouliza kama weusi wa fizi zako una maana yoyote, ulinifurahisha, maana ni swali ambalo hata baadhi ya wanaoshika kifaa hawalifikirii. Ndiyo, una maana. Nimesema leza za daiodi na Nd:YAG hunywewa na melanini. Fizi nyeusi hunywa mwanga huo zaidi, na kinachonywewa hugeuka joto. Nguvu iliyopimwa kwa ufizi wa waridi inaweza kuunguza ufizi wako. Na joto likishuka mpaka kwenye mfupa ni hatari zaidi: katika majaribio yaliyofanywa kwa sungura na kuchapishwa mwaka 1983, ilionekana kuwa nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu zinatosha kuujeruhi mfupa. Kwa hiyo kama siku moja utafikia kuongezewa leza, mwambie mtaalamu mapema: "Fizi zangu ni nyeusi, utapunguza nguvu kiasi gani?" Anayeijua kazi yake atakujibu bila kubabaika. Na lazima wewe, yeye na msaidizi wake wote mvae miwani maalumu. Jicho ndilo kiungo ambacho leza hukidhuru upesi kuliko vyote. Mahali wanapowasha leza bila kukuvisha miwani, inuka.

Wifi yako anakupenda, lakini hilo la saratani mwondolee wasiwasi. Neno letu "mionzi" limebeba vitu viwili tofauti. Eksirei ina nguvu ya kuvunja chembe za urithi ndani ya seli, ndiyo maana tunaitumia kwa kipimo. Mwanga wa leza za fizi hauna nguvu hiyo. Unachoweza kufanya ni kupasha joto. Ninachokuomba kuhusu saratani ni kitu tofauti: kama mdomoni una kidonda ambacho hakijapona kwa zaidi ya wiki mbili, au doa jeupe au jekundu lisiloondoka, kionyeshwe kwa daktari kabla mtu hajapitisha leza yoyote juu yake.

Na lile la ufizi kuota tena? Mtu ambaye hakukupima wala hakukupiga picha hana msingi wa kukuahidi hilo. Zipo hali ambapo mfupa umeliwa kwa umbo fulani na bingwa wa fizi anaweza, kwa upasuaji, kurudisha sehemu yake. Hiyo huamuliwa baadaye, fizi zikiwa zimetulia. Kitakachotokea kwanza kwako ni kinyume chake, na nakuambia mapema usije ukashtuka: uvimbe ukiisha ufizi utanywea, meno yataonekana marefu kidogo, na kitu cha baridi kitakuuma kwa muda. Wagonjwa wengi huja hapo wakidhani wameharibiwa. Ule ulikuwa uvimbe tu umeondoka.

Nije kwenye hofu yako, maana nahisi ndiyo iliyokupeleka kwenye leza kuliko kitu kingine. Ganzi yako ya miaka tisa haikushika kwa sababu inayoeleweka. Palipo na usaha, nyama huwa na asidi, na asidi hiyo huidhoofisha dawa ya ganzi. Mtoto aling'olewa jino wakati ganzi haijafanya kazi. Hukukosea kulia, na hukukosea kuogopa miaka yote hii. Lakini unachokwenda kufanyiwa sasa ni kazi nyingine. Mwambie daktari maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Aanze na jeli ya kupaka inayofisha ganzi ufizi wa juu juu kabla ya sindano, achome polepole, kisha mngoje. Akugusegusie kwanza kwa kijiti na wewe useme kama unasikia makali. Mkubaliane ishara, mkono wa kushoto ukiinuka anaacha, bila mjadala. Kama upande mmoja kwa kikao ni mwingi, omba robo moja ya mdomo kila mara. Utasikia mkwaruzo na mtetemo, na maji mengi. Maumivu makali hutakiwi kuyasikia. Kwa siku mbili tatu baadaye fizi zitauma kama mchubuko, kisha zitatulia.

Hapo kwenye siku mbili tatu ndipo ule mwanga hafifu ungeweza kukufaa. Yapo majaribio yaliyoonyesha unapunguza maumivu na uvimbe wa mwanzo baada ya kukwanguliwa. Ukiupata bila kuitikisa akiba yako, sina neno. Lakini hata leza zile kali, nyingi hutumika chini ya ganzi vilevile, kwa hiyo "leza haina sindano" si neno la kuaminika.

Mambo mawili katika barua yako hukuyapa uzito, na mimi nayapa uzito kuliko leza. Amlodipini ni miongoni mwa dawa ambazo kwa baadhi ya watu huvimbisha fizi, hasa pale palipo na ukoga. Usiiache! Shinikizo la damu lisilotibiwa ni hatari kubwa kuliko fizi. Mpelekee daktari aliyekuandikia taarifa kwamba fizi zako zimevimba, aone kama inafaa kukubadilishia. Mara nyingi ukoga ukiondolewa uvimbe hupungua hata dawa ikiendelea.

La pili ni sukari. Kisukari na ugonjwa wa fizi hutegemeana kama moto na upepo: sukari ikipanda fizi huharibika haraka na kupona polepole, na fizi zilizovimba nazo huisukuma sukari juu. Habari njema ni kwamba inakwenda pia kinyume. Kwa wenye kisukari, kutibu fizi kumeonekana kushusha kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kwa karibu asilimia 0.4. Kiombe kipimo hicho kabla ya kuanza kukwanguliwa, na umwonyeshe daktari wa meno majibu. Na kama unavuta sigara, hukusema, iache sasa. Sigara huibana mishipa ya damu hata fizi zikaacha kutoka damu huku zinaoza, na hupunguza faida ya tiba yoyote utakayopewa, leza ikiwemo.

Jino linalocheza: sehemu ya kucheza kwake inatokana na uvimbe wenyewe. Nimeyaona mengi yakitulia miezi michache baada ya usafishaji. Likibaki linalegea, linaweza kufungwa na wenzake kwa waya mwembamba upande wa ndani. Acha kulisukuma kwa ulimi, maana kulisukuma kila saa nako kunalilegeza, na asije mtu akaling'oa kabla ya kipimo cha miezi mitatu. Kuhusu mama yako, ni kweli urahisi wa kuupata ugonjwa huu hurithiwa kwa kiasi fulani. Kinachorithiwa ni udhaifu. Kama una ndugu, waambie nao wapimwe.

Usiku huu, kabla hujaenda popote, rudi kwenye yale meno ya chini. Mswaki laini, uuelekeze chini kuelekea mahali ufizi unapokutana na jino, kwa mshazari, utikise kidogo kidogo bila kukandamiza. Upande wa ndani, wa ulimi, usimamishe mswaki wima. Kisha katikati ya meno: tumia kile kibrashi kidogo cha katikati ya meno chenye saizi inayopenya kwa kubana kidogo, na pasipopenya tumia uzi. Siku za kwanza kibrashi kitatoka chekundu. Endelea. Kwa wiki moja au mbili utaona wekundu unapungua, ingawa hautaisha mpaka ule ugaga wa chini utolewe. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini inasaidia kwa muda mfupi, lakini ukiizoea inatia meno madoa, na haiingii kwenye mfuko wa milimita sita. Ukiona usaha, uso unavimba, unapata homa au unashindwa kumeza, hiyo si ya kungoja miadi. Nenda siku hiyohiyo.

Basi rudi kwa yule daktari aliyekupima. Akukwangue, usafishe kila siku, na baada ya miezi mitatu apime tena meno yaleyale, pande zilezile. Mifuko iliyofunga, mmeshinda. Ikibaki mmoja au miwili ya tano au zaidi na bado inatoka damu, hapo ndipo mnakaa kuchagua: kuikwangua tena, kuweka dawa ndani ya mfuko, upasuaji mdogo wa kuifungua na kuiona, au kuongeza leza, hasa ile ya rangi. Mkifika kwenye leza, muulize ni ya aina gani, anatarajia kupunguza milimita ngapi kwenye mfuko upi, na atapima lini kuona kama imefaa. Akikutajia chini ya milimita moja, anakuambia ukweli. Na katika akiba yako tenga kwanza ya kurudi kusafishwa kila miezi mitatu hadi minne kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu ugonjwa huu hurudi kwa wale walioacha kurudi.

Omba nakala ya karatasi ya zile namba, ni zako. Siku utakayopimwa tena niandikie za meno sita ya mbele ya chini, za kwanza na za pili, tuzisome pamoja.

Daktari wako wa safu